Mwaridi wa Heru Juu

Sista aliyeupanda alikwenda zake. Jina lake limebaki
kwenye bomba la kisima, nalo linaliwa na kutu.
Mwaridi ukabaki bila mwenyewe:
mwaka wa kwanza ukanyong'onyea,
wa pili ukakumbuka mwitu,
wa tatu ukaruka ukuta wa choo cha zahanati
ukaingia kwetu bila hodi.

Si waridi la kwenye kanga,
lile la matabaka, lililovimba kama shavu la bwana harusi.
Hili lina petali tano, hesabu ya mkono mmoja.
Hufunuka asubuhi, na alasiri upepo umeshalivua.
Mbuzi wa Gwimo alionja siku moja, akarudi na damu mdomoni;
tangu hapo hupita upande wa pili wa njia.

Lakini Juni, ukungu ukishuka hadi magotini
na maharage yamekwisha kupigwa,
pale palipodondoka ua huning'inia kitu
chekundu, kigumu, sawa na ncha ya kidole gumba,
na taji kavu kichwani,
mfalme wa kaya ya miiba.

Sisi watoto tulijua kazi yake moja tu:
kulipasua, kutoa vinyweleo vya ndani,
kummwagia Butoyi shingoni katikati ya hesabu.
Alijikuna hadi kengele ikalia.
Mwalimu alituchapa sote,
na Butoyi naye, kwa kujikuna.

Kazi ya pili aliijua mama.
Alipasua moja moja kwa kisu cha mihogo,
akakwangua, akaosha, akachemsha,
akachuja mara tatu kwa kipande cha kanga
(kanga ile ile, ya mawaridi yaliyovimba),
akatia asali, akatupa kikombe kila mwenye kikohozi.
"Kizuri hakikosi ila," alisema.
"Hiki ila yake imo tumboni.
Itoe kwanza, ndipo unywe."

Jana Bukuru kapiga simu kutoka Uvinza:
ng'oeni huo mwiba, naleta matofali ya uzio.

Nimeshika jembe tangu alfajiri.
Nimeufuata mzizi chini ya jiko,
chini ya kamba ya nguo,
unaelekea kule tulikomlaza mama,
na hapo nimekaa.

Jembe liko chini.
Mfukoni nina matunda manane,
na shingo inaniwasha.