Mlinzi wa Lango la Tatu

Miaka kumi na sita nafundisha tamthilia ileile,
nakala moja kwa wanafunzi watano.
Kurasa za mwisho ziliozeshwa na unyevu wa Bukavu;
mwisho wake naufundisha kwa kichwa.

Mji umezingirwa. Mfalme amelala.
Mlinzi wa lango la tatu anachomoa komeo
na adui wanaingia kama mvua inavyoingia Kadutu,
bila hodi, ikibeba hata masufuria.

Kila mwaka nauliza: Mlinzi ni mtu wa namna gani?
Darasa zima: Msaliti!
Naandika ubaoni, MSALITI,
napiga mstari chini, mara mbili, chaki inavunjika.
Ndivyo wasahihishaji wanavyotaka,
na saa sita tumbo nalo lina maswali yake.

Mwaka huu, benchi la nyuma,
penye dirisha la nailoni,
Ntakwinja hakuitika.
Aliinua kidole nusu, kama anayepima manyunyu:
"Siku ile mlinzi alikuwa amekula nini?"

Wakacheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.
Nikasema: Mwandishi hakuandika.
Akasema: "Basi mwandishi alikuwa ameshiba."

Usiku umeme ulikatika. Nilisahihisha kwa tochi ya simu.
Arobaini na mmoja waliandika msaliti.
Murhula alimchora na pembe.
Kalamu nyekundu ilikwenda mbio
kama pikipiki iteremkayo Nyawera bila breki.

Kisha insha yake. Ukurasa mmoja, haukujaa.

"Baba alikuwa sentineli kwenye depo ya mchele.
Mshahara wa miezi saba ulikuwa ahadi.
Usiku wa risasi walikuja watu, wakamwambia fungua.
Kama walimwonyesha bunduki au gunia, sijui;
nikimuuliza, kila mara anajibu lingine.
Tulikula mwezi mzima. Mweupe, mrefu, hauna mawe.
Mwenzake wa zamu alikataa kufungua.
Mjane wake anauza sambaza sokoni,
mama hununua kwake tu, wala habishani bei.
Unauliza mlinzi ni mtu wa namna gani.
Mchele ule ulikuwa mtamu, Mwalimu,
na sijui nimsamehe nani kwa hilo."

Hana utangulizi. Hana hitimisho.
Mfalme hakumtaja hata mara moja.
Kwa kanuni: nne juu ya ishirini.

Kalamu ilibaki hewani. Nikaifungua tamthilia,
nikamtafuta mlinzi kama mtu anayetafuta jina
kwenye orodha asiyotaka kulikuta.
Ana mistari mitatu tu, maskini:
Nani huko?
Sina ufunguo.
Ingieni.

Sina ufunguo.
Miaka kumi na sita, na ule wa katikati sikuwahi kuusoma.
Ufunguo alikuwa nao. Alidanganya kwanza.
Kati ya uongo huo na "Ingieni"
mpiga chapa aliacha nafasi, upana wa kidole.
Niliweka kidole pale. Palikuwa na unyevu.

Asubuhi nilifuta ubao. Neno halikutoka lote,
liliacha kivuli, pamoja na mistari yake miwili.
Insha nilimrudishia bila alama.
Aliigeuza mbele, nyuma, akitafuta nyekundu.
"Umesahau, Mwalimu."
Sijasahau.

Murhula akasimama: "Sasa kwenye mtihani tuandike nini?"
Kengele ikalia, ile rimu ya lori tunayogonga kwa chuma,
nikatoka haraka kuliko inavyompasa mtu mzima.

Siku hiyo zamu ya lango ilikuwa yangu.
Wasiolipa ada walikuwa wamesimama nje, kwenye tope,
kumi na watatu, daftari vifuani.
Mdogo kabisa alishika chuma kwa mikono miwili,
akaniomba nifungue, ana jaribio la hesabu.

Mkuu wa shule alikuwa dirishani kwake.
Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, una joto la paja.

Nikasema: Sina ufunguo.