Baada ya Tano

Saa tano kamili Mwalimu Nyanjige anagonga rimu
ya lori lililofia hapa Kayenze kabla sijazaliwa,
na darasa la awali limekwisha.
Huku mwaloni dagaa wangu sijawageuza hata mara moja.

Limi anakuja peke yake, viatu mkononi,
anapita nyavu, anapita injini zilizofunguliwa,
anapita pale maji yalipokula ukingo.
Namhesabu kwa macho: yupo. Bado yupo.
Nikiinama kuokota kokoto kati ya dagaa
nainua kichwa upesi, kama ndege anayekunywa.

Darasani wanafundishwa kuhesabu.
"Moja, mbili, tatu, nne, tano,"
anasema, halafu kimya.
Na baada ya tano?
"Tumefunga."

Wanawake walicheka hadi wakaketi mchangani.
Mimi pia nilicheka. Usiku sikulala.

Jua halijui kengele.
Dagaa hukauka saa tisa, kukiwa na wingu kumi na moja,
na mnunuzi wa Kirumba hamngoji mwenye mtoto mgongoni.
Mbula alimfunga wake kwa khanga
kwenye mguu wa kichanja. Tulimsema sana.
Kisha tukaona: siku ile, katika watoto wote,
wa Mbula tu ndiye aliyekuwa na nguo kavu.

Baraza lilipokaa nilikwenda na kopo la maziwa ya unga,
ndani yake stakabadhi za ushuru, gunia kwa gunia,
miaka mitatu, nyingine zimelowa mafuta ya samaki.
Mheshimiwa alisema kasma haina nafasi.
Akasema watoto wadogo huchoka, siku nzima ni ndefu.
Ndefu, kweli. Nimeipima kwa mgongo.

Sijui kuhutubia. Nilimwaga kopo mezani.
Nikasema: hizi ni zetu, someni wenyewe.
Hatuombi ghorofa.
Uji wa mchana, mikeka ya kulalia,
mwalimu wa pili, alipwe, asikimbie.
Mmefundisha mpaka tano.
Tunaomba sita, saba, nane na tisa.

Mtu mmoja aliandika. Sijui aliandika nini.
Karani alinirudishia stakabadhi
zikiwa zimepangwa kwa tarehe,
kazi ambayo hakuna aliyemtuma.

Leo kuna wingu. Limi amekalia gunia tupu,
kidole kimoja mdomoni, chumvi na magamba.
"Sita," namwambia.
Anageukia shule, mlango wenye kufuli.
"Sita," anasema polepole,
kama anayeonja uji wa moto.