Maili Kumi na Moja

Mwezi mzima karatasi ile imebandikwa kwenye friji
kwa sumaku yenye umbo la nanasi:
usiku mmoja, watu watatu, dirisha linalotazama bustani ya michezo,
dola mia saba na arobaini, kabla ya kodi,
kabla ya kuegesha gari, kabla ya hata glasi ya maji.
Naisoma kila ninapotoa maziwa
kama mtu anayesoma majibu ya daktari.

Efraín anacheka. Yadira, anasema,
kitanda chetu kiko maili kumi na moja kutoka pale.
Nani hulipa ili alale jirani na kwake?
Kazi yake ni kuvuta magari yaliyozimika barabarani.
Amewavuta wageni wengi wa hoteli ile,
akina baba waliofura, watoto wenye mataji ya plastiki,
na hakuna hata mmoja, anaapa,
aliyewahi kumwambia: palikuwa patamu.
Nikamjibu: uliwakuta gari limewafia juani.
Ulitaka wakuimbie?

Binamu yangu Ivelisse hutandika ghorofa ya sita.
Shuka ni nzito, kweli, anasema, zinanukia ndimu,
na godoro halina bonde katikati kama lenu.
Ila yule tembo wa taulo anayekungoja kitandani
ni mimi huyo, dakika mbili, mgongo unawaka.
Njoo kwangu Jumapili
nikukunjie tembo wa bure.

Nimepiga hesabu nyuma ya bili ya umeme.
Mia saba na arobaini ni tairi nne
na chenji ya kubadilisha oili.
Ni meno mawili ya Nereida, yale ya nyuma.
Wanasema mgeni wa hoteli huingia bustanini
saa moja kabla ya wengine.
Basi hata asubuhi wameikata vipande,
wanaiuza kwa ratili.
Nikaifuta hesabu. Nikaianza upya.
Tairi zilibaki tairi.

Lakini saa tatu usiku madirisha yetu hutetemeka.
Kila usiku, Krismasi au Jumanne tu.
Canelo hujikokota chini ya sofa, mkia ndani,
na Nereida huweka kijiko mezani, aanze kuhesabu mishindo.
Mia moja na nne, alisema juzi.
Jana zilikuwa mia moja na sita. Wamebana matumizi.
Ana miaka saba. Hajaniomba bwawa lenye mteremko,
wala kifungua kinywa na binti wa mfalme
ambaye, Ivelisse anasema, huvuta sigara karibu na mapipa.
Aliniuliza jambo moja tu:
Mama, ile ya mwisho, ile kubwa, ni rangi gani?

Miaka minane Kissimmee, na sijui.
Nikamwambia dhahabu. Nilidanganya
upesi, kama mtu anayefunga mlango wa choo.

Efraín, masikini, alijaribu.
Alitupakia kwenye lori lake, sote watatu,
akaegesha nyuma ya duka la samani, palipoinuka kidogo.
Tuliona misonobari.
Juu ya misonobari tuliona moshi ukigeuka rangi
upande ule tu usiotuhusu.
Mbu walitula. Nereida alisema asante, Papi,
kwa sauti ile ya kiungwana inayoniuma,
na kurudi nyumbani hakuna aliyewasha redio.

Kama inafaa au haifai, sijui, niulizeni baadaye.
Leo, saa ya chakula cha mchana, nimepiga simu
nikiwa dukani, katikati ya maboksi ya plagi na mikanda ya feni.
Kijana akapokea, sauti laini kama sabuni.
Akauliza majina, akauliza umri wa mtoto,
akauliza kama tunasherehekea chochote.
Nikasema hapana. Nikasema, labda.
Je, akauliza, mnasafiri kutoka mbali?

Mbali, nikamwambia.
Nikasikia anaandika.
Kisha nikamuuliza kuhusu mbwa.