Alama ya Kidole Gumba

Brno, Januari. Zdislava amejenga jiko
ndani ya kompyuta: kuta tatu, dirisha,
birika analolizungusha kwa kipanya
hadi mgongo wake uonekane.
Jua analipanga kwa namba. Kivuli kinatii.

Kila kitu kimenyooka mno.
Humu hayajawahi kuungua maziwa.

Basi anachapa picha, anachonga penseli
juu ya kisahani cha chai,
anamchora bibi yake kwa mkono:
bega moja chini, aproni imepinda,
mstari umetetemeka pale shingoni.

Anaiskani karatasi. Alama ya kidole gumba imeingia nayo,
kijivu, juu kidogo ya mdomo wa birika.
Mhariri anaandika: futa hilo doa.

Anaikuza mara nne,
michirizi ya ngozi kama shamba lililolimwa,
kisha anaiacha.

Birika lilikuwa halina mvuke.