Maji Yanayopanda Ramani

Pirwoth wa darasa la sita hakunyosha mkono.
Aliliuliza dirisha, si mimi:
"Kwa nini nikariri, na simu ya kaka inajua?"
Darasa likacheka, kicheko cha watoto sabini na wawili
kwenye madawati ishirini.
Chaki ikanikatikia vidoleni.

Ningeweza kumwambia bando huisha,
na mnara ule ng'ambo ya daraja
huzimika mvua ikitia nia.
Lakini hayo ni maneno ya muuza mishumaa:
siku umeme ukifika, hoja yake imekwisha.

Na kusema kweli, mimi nami nina kesi na elimu hii.
Nilichapwa viboko vinne, kiganja cha kushoto,
kwa kusahau jina la mgeni aliyeligundua ziwa
ambalo bibi wa bibi yangu
alikwisha kulichota, akalipikia, akalioshea watoto.
Jina hilo ninalo hadi leo.
Sijalihitaji hata siku moja.

Ila ipo orodha nyingine.
Tororo, Mbale, Kumi, Soroti,
Lira, Gulu, Pakwach mwisho wa reli.
Baba, karani wa tikiti, alitukaririsha tukimenya muhogo.
Kisha treni ikaacha kuja.
Nyasi zikaikalia njia, watu wakapata kuni.
Orodha haikupewa taarifa.
Mwaka aliougua, baba aliniita kwa jina la dada yake marehemu,
mama akamwita "abiria".
Usiku mmoja akasema, "Soroti,"
akasubiri.
Nikasema, "Lira."
"Gulu," akasema, na uso wake ukalegea
kama wa mtu aliyeiona taa ya kwao.
Simu ilikuwa mfukoni mwangu, imejaa chaji.
Ningeiuliza nini?

Hayo sikumwambia Pirwoth. Hayamo kwenye mtihani.
Nilimwambia tu: kesho njoo na simu hiyo.

Akaja nayo, kioo kimepasuka pembeni.
Akanionyesha mto wetu: mstari wa buluu
umetulia kama uzi uliodondoka sakafuni.
"Maji yake yanakwenda wapi?"
Akakuza, akapunguza. Mstari haukwenda popote.
Akaandika swali, simu ikajibu: kaskazini.
Akanitazama. Alikuwa ameshinda,
nami sikubisha.

Ndipo Afoyorwoth, ambaye mama yake hukausha samaki stendi,
aliyeambiwa darasa la nne kwamba kaskazini ni juu
na akalitunza neno hilo kama nauli,
akaikazia macho ramani ya ukutani.
"Mwalimu, kama kaskazini ni juu,
maji yanapandaje?"

Hakuna aliyecheka.
Swali lile halikutoka kwenye simu.
Mambo mawili aliyoyajua yalikutana kichwani mwake
yakagombana, paka wawili gunia moja.
Na kichwa kitupu, ugomvi ungeanzia wapi?

Tukashuka mtoni, jua likituchoma visogo.
Magugu-maji yalipita chini ya daraja
bila haraka, yakielekea Nimule.
Pirwoth akatupa gunzi, akalifuata ukingoni akihesabu hatua
hadi matete yakamzuia.
Mimi nikaitandika ramani mchangani.
Wakaizunguka, kila mmoja upande wake,
na ile juu tuliyoizoea
hatukuiona tena.

Afoyorwoth hakuridhika. Alitaka kujua
nani aliyaambia maji kwamba kule ni chini.
Nikasema sijui vizuri, tutatafuta.

Njiani kurudi Pirwoth akanisogelea,
simu mkononi, sauti ya chini:
"Mwalimu, niandike neno gani ili niiulize?"
"Mwinuko," nikasema.
Akatembea mbele yangu akilirudia,
mwinuko, mwinuko, mwinuko,
asije akalisahau kabla ya kufika.