Seva ya Ghala, Tandahimba

Saa nane usiku, umeme umerudi.
Naandika mistari kumi na minne
ili kesho nisiandike tena:
amka, soma mipangilio yako, fungua mlango.
Mizani kwanza, kisha risiti, kisha mnada,
malipo mwisho, na foleni iheshimiwe.
Hatua ikianguka, ijaribu mara tatu,
ya nne uniamshe.

Chinguile, mlinzi, anachungulia:
"Barua fupi hivyo, unamwandikia nani?"
"Karani asiyetafuna korosho za watu."
Anacheka, ameficha kiganja.

Nabonyeza. Kosa.
Nywila nimeiacha ndani ya hati,
ufunguo unaning'inia kwenye kufuli.
Naihamisha. Nabonyeza.
Kosa: hifadhidata bado imelala,
nami nimeshatuma wapokezi.
Naongeza neno moja: subiri.

Feni inaunguruma.
Nukta ya kijani, ndogo kama punje ya ulezi.

Gunia la majaribio nalipa jina la Somoe Nampota,
kilo themanini na mbili.
Linapita mizani, linapita risiti,
hakuna aliyelibeba.

Msimu uliopita jina lake lilirukwa.
Alirudi Mahuta na karatasi mkononi,
na orodha ile niliipanga mimi.

Nazima skrini.
Seva siizimi.