Inchi Nne

Simu ililia saa tano kasoro usiku,
nikiwa bado Gikomba, vumbi la mbao kwenye kope.
Lekishon wa kamati ya jukwaa, hana salamu:
"Fundi, ngazi za kesho Kamukunji.
Inchi saba kila kidato ni nyingi mno.
Fanya nne."

Inchi nne ni ngazi ya chekechea.
Nilitengeneza moja Kaloleni, mwaka wa mvua kubwa,
watoto wakawa wanaipanda wakihesabu kwa sauti,
moja, mbili, wakifika juu wanajipigia makofi.
Sikumwambia hayo. Nilimwambia hesabu:
"Vilikuwa vidato saba, mkuu. Sasa vitakuwa kumi na viwili."
Kimya. Nikamsikia akimpandisha mtu kichwani mwake,
kimoja kimoja, hadi akachoka kwa niaba yake.
"Basi shusha jukwaa. Na uweke pa kushikia,
upande ule ambao kamera hazikai.
Pafunikwe kitambaa cha chama, paonekane pambo."

Kampeni ile ya kwanza aliruka viwili viwili.
Nakumbuka ubao wa tano ulivyolia chini ya kiatu chake
nami nikajivunia ubao,
nikawaambia nyumbani: mlio ule ni wangu.

Kioko alipiga randa, mimi nikapima. Vidato vitano.
Mama Kerubo akaleta chai ya tangawizi na habari zake:
soko zima limekuwa daktari.
Wauza viatu wanasema ni goti, la kandanda ya ujana.
Wauza mapazia wanasema ni moyo.
Kijana wa kuchaji simu anaapa ni uongo wa wapinzani,
kamwona juzi kwenye runinga akicheza ngoma,
ingawa, akaongeza, walimwonyesha kuanzia kiunoni kwenda juu.
"Na wewe fundi, unasemaje?"
Nikauma misumari. Mdomo wenye misumari hauulizwi.
"Mficha maradhi," akaanza Kerubo,
kisha akaliona gari la kamati limeegeshwa karibu,
akaimalizia methali ndani ya kikombe chake.

Kazi yangu siku ya mkutano ni kukaa chini ya jukwaa
na nyundo, na tochi, na mbao mbili za akiba.
Wengine humwona. Mimi humsikia.
Umati ulipovuma nikajua ametoka garini.
Kidato cha kwanza: uzito wote,
kisha kiatu cha pili kikafuata, kikatua kando ya mwenzake
kama bibi harusi anayeingia kanisani.
Cha pili, hivyo hivyo.
Cha tatu. Kitambaa kikakwaruza: ameshika.
Hapo akasimama.
Juu ya kichwa changu, kwenye ufa wa mbao,
soli nyeusi, mpya, haijui vumbi la Nairobi.
Nikasikia pumzi, na ndani ya pumzi sauti ndogo:
"tatu... nne..."

Kisha spika zikanguruma: "Nani amesema nimechoka?"
Kamukunji ikajibu kwa vifijo na mavuvuzela,
jukwaa likatikisika, vumbi likanimwagikia machoni.
Nikaegemeza bega kwenye nguzo.
Sijui kama nilikuwa namshikilia yeye au mbao zangu.
Hata leo sijui, na kura ni Jumanne.

Jioni uwanja ulibaki na chupa
na mabango yenye uso wake, yaliyokanyagwa bila ubaya.
Kioko aling'oa misumari. Mimi nikapanda kutoa kitambaa;
mahali pamoja kilikuwa kimekunjamana, kimeloa bado,
umbo la vidole vinne na kidole gumba.
Nina miaka sitini na mitatu.
Nilipanda bila kushika chochote, makusudi,
Kioko akinitazama.
Cha nne nilishika.

Lekishon akapiga tena kabla sijashuka.
Keshokutwa ni Machakos.
Anauliza kama inchi tatu zinawezekana.